Kupima Upasukaji wa Mwamba kwa Akustiki Emisheni: Dalili, Chanzo na Tiba

Upasukaji ni tabia ya mwamba kuvunjika ghafla kabla haujabonyea kiasi cha maana. Kioo kinao mwingi, udongo wa mfinyanzi uliolowa hauna kabisa, na miamba mingi iko kati ya hivyo viwili. Akustiki emisheni, tutakayoiita AE kwa kifupi, ni milio midogo ya masafa ya juu, kwa kawaida kati ya kHz 100 na MHz 1, inayotoka pale nyufa zinapofunguka au kuteleza ndani ya jiwe. Sikio haliwezi kuinasa. Sensa ya piezoelektriki, inayogeuza mtikisiko kuwa umeme, iliyobandikwa ubavuni mwa sampuli huinasa vizuri.

Uhusiano wa mambo haya mawili ni huu. Mwamba wenye upasukaji mkubwa hunyamaza kwa muda mrefu, huanza kulia mkazo (mzigo kwa kila eneo) unapofika karibu 0.4 ya nguvu yake, yaani mkazo wa juu kabisa ambao mwamba huo unaweza kuubeba, kisha milio humiminika kwa kasi karibu na kilele na kukatika mara tu jiwe linapovunjika. Mwamba mlegevu hulia kidogo kidogo, bila mruko mkali, na huendelea kulia hata baada ya kilele. Granite ya Lac du Bonnet, kutoka mkoa wa Manitoba nchini Kanada, imechunguzwa sana katika maabara ya chini ya ardhi na inafaa kuwa mfano wa kulinganishia: nyufa zake huanza kuzaliwa karibu 0.4 ya nguvu ya kilele, na hupoteza utulivu kati ya 0.7 na 0.8.

Shida ni kwamba mashine nayo hulia. Grisi hulia, waya huleta kelele, na presi laini, yaani mashine ya kubania jiwe ambayo fremu yake hunyumbuka, huvunja jiwe kwa ghadhabu ambayo si ya jiwe. Ndiyo maana katika mwongozo huu mwamba ndio mtuhumiwa wa mwisho. Chunguza kwanza nyaya, kisha ncha za sampuli, kisha mashine, kisha hesabu. Namba hii itafika mezani kwa mhandisi anayepanga bolti na nyavu za kuzuia mawe katika handaki lenye watu, kwa hiyo isitoke maabara kabla haijasafishwa.

Dalili: milio inaanza mapema mno, mzigo haujafika hata asilimia 10

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi, na ina vyanzo vinne vinavyofanana sana kwenye skrini.

Anza na umeme. Angalia muda wa kufika kwa kila mlio kwenye sensa mbalimbali. Wimbi linalosafiri kwa kasi ya mita 5,500 kwa sekunde huhitaji karibu mikrosekunde 10 kuvuka sampuli yenye kipenyo cha mm 54. Ukiona milio mingi inayofika kwenye sensa zote ndani ya mikrosekunde 1, hiyo haikupita kwenye jiwe. Imepita kwenye nyaya. Mara nyingi milio ya aina hii ni mifupi, ina mizunguko miwili au mitatu tu, na huja kila mota ya pampu inapowaka. Tiba: unganisha ethi (waya wa ardhini) ya kifaa cha AE na ethi ya presi katika sehemu moja tu, tenga kebo za sensa na kebo za mota, na weka karatasi nyembamba au kaki ya kauri kati ya sensa na chuma chochote kinachogusa fremu.

Chanzo cha pili ni haidroliki. Mafuta yanayopita kwenye vali hutoa mvumo usiokatika, na nguvu yake kubwa iko chini ya kHz 100. Utaitambua kwa sababu kiwango cha wastani cha mawimbi hupanda pampu inapowashwa, hata kama hakuna sampuli ndani ya mashine. Kichuja masafa kinachopitisha kHz 100 hadi 400 huondoa sehemu kubwa. Ikiwa mvumo unabaki, pandisha kizingiti, yaani kiwango ambacho wimbi lazima likivuke ndipo lihesabiwe kuwa mlio, mpaka kiwe angalau desibeli (dB) 6 juu ya kelele ya juu kabisa uliyoipima kwa dakika 5 mashine ikiwa imewashwa bila kuongeza mzigo. Katika maabara nyingi kizingiti hutua kati ya dB 35 na 45.

Cha tatu ni ncha za sampuli. Vumbi, mwinuko mdogo, au kikalio cha duara kilichokauka grisi, vyote hukwaruza. Taratibu za ISRM, chama cha kimataifa cha mekanika ya miamba, zinataka ncha ziwe bapa ndani ya mm 0.02 na zisipinde kutoka wima kwa zaidi ya mm 0.05 katika kila mm 50. Pima kwa geji ya saa juu ya meza ya chuma iliyonyooka, usiamini macho. Kisha fanya jaribio la uongo: weka silinda ya chuma kigumu yenye vipimo vilevile, iongezee mzigo hadi kiwango kilekile, na uhesabu milio. Chuma kigumu hakipasuki kwa mkazo huo, kwa hiyo kila mlio utakaoupata ni wa mashine. Idadi hiyo iandike kwenye ripoti.

Usishawishike kupaka grisi nene kwenye ncha ili kunyamazisha msuguano. Grisi hukamuliwa kuelekea nje na kuvuta ncha za jiwe pamoja nayo, nyufa za wima huzaliwa pale, na nguvu ya mgandamizo hushuka. Utakuwa umebadilisha kelele kwa kosa kubwa zaidi.

Cha nne ndicho pekee kinachotoka ndani ya mwamba: nyufa za zamani zinazofungwa. Silinda iliyochongwa kutoka kina kirefu huwa imefumuka ilipotolewa kwenye mgandamizo wa ardhini. Granite ya Lac du Bonnet iliyochukuliwa kwenye ngazi ya mita 420 ilikuwa na nyufa ndogo nyingi kuliko ile ya karibu na uso wa ardhi, ingawa ni mwamba uleule. Ishara yake iko kwenye mchoro wa mkazo na mgeuko, yaani ufupisho wa sampuli ukigawanywa kwa urefu wake wa mwanzo: mstari huanza umelala, kisha husimama taratibu. Kasi ya mawimbi kwenye sampuli kavu isiyo na mzigo nayo huwa ya chini.

Kutenganisha cha tatu na cha nne ni rahisi. Ongeza mzigo hadi asilimia 15 ya nguvu unayoitarajia, ushushe hadi karibu sifuri, kisha uongeze tena. Joseph Kaiser alionyesha mwaka 1950 kwamba kitu kilichokwisha kubebeshwa mkazo hakilii tena mpaka mkazo ule wa zamani upitwe. Jiwe litaheshimu kanuni hiyo kwa kiasi kikubwa. Msuguano wa ncha hauiheshimu: utalia mzunguko wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ukiwa na sensa za kutosha kupanga mahali, milio ya msuguano itajikusanya ndani ya mm 10 za juu na za chini.

Dalili: kimya, au milio michache kuliko inavyotarajiwa

Vunja penseli. Risasi ya penseli ya kubofya ya mm 0.5, ugumu wa 2H, itokeze mm 3, ilaze kwa pembe ya karibu nyuzi 30 juu ya jiwe na uivunje. Huu ndio mtihani wa Hsu na Nielsen. Kwenye granite, karibu na sensa, unatakiwa kuona mlio wa dB 90 na zaidi. Rudia mara 5 kwa kila sensa, kwa umbali uleule. Sensa zikitofautiana kwa zaidi ya dB 4, usianze jaribio.

Sensa moja ikiwa chini, ibandue. Sababu ya kawaida ni uso wa sensa ulio bapa kukaa juu ya ubavu wa mviringo: hugusana kwa mstari mwembamba tu, na grisi hujaza pengo. Saga kipande bapa ubavuni chenye upana unaozidi kidogo kipenyo cha sensa, au tengeneza kiungo cha alumini chenye upande mmoja wa mviringo. Vazelini inatosha kwa jaribio la nusu saa. Kwa jaribio la siku nzima tumia gundi, kwa kuwa vazelini hukimbia joto likipanda na usikivu hupungua polepole bila mtu kugundua. Shikilia kwa mpira au springi, usitumie utepe wa plastiki, maana unalegea.

Sensa zote zikiwa chini kwa pamoja, chunguza umeme wa amplifaya za awali, yaani vikuza mawimbi vilivyo kati ya sensa na kifaa. Kifaa chenye mpangilio wa ukuzaji wa dB 40 wakati amplifaya yenyewe imewekwa dB 20 kitaripoti kila mlio ukiwa pungufu kwa dB 20, na milio midogo yote itazama chini ya kizingiti. Swichi hizi huguswa bahati mbaya, zifunike.

Penseli ikisikika vizuri karibu lakini ikififia sana ukisogea mm 50, mwamba wenyewe unameza sauti. Miamba yenye vitundu vingi ni hivyo: jiwe la Ndarugu linalojengewa Nairobi, jiwe la matumbawe la pwani, na mchanga mwamba usioshikana vizuri. Kwa miamba hii ongeza sensa badala ya kushusha kizingiti, weka masafa ya chini zaidi (sensa ya kHz 60 badala ya 150), na kamwe usilinganishe idadi ya milio yake na ya granite. Jiwe la matumbawe linaweza kuwa limevunjika mara elfu huku sensa imesikia mara mia.

Penseli ikisikika vizuri kila mahali na bado jiwe liko kimya mpaka kilele, basi huenda jiwe ndilo linalosema. Chumvi ya mwamba na udongo mwamba hubonyea kwa kuteleza kwa chembe, bila nyufa kubwa. Kimya hicho ni matokeo halali ya upasukaji mdogo. Lakini ni halali tu baada ya penseli.

Dalili: sampuli inalipuka kileleni na mchoro wa baada ya kilele haupo

Hapa ndipo upasukaji wa mashine huvaa jina la upasukaji wa mwamba. Tufanye hesabu, kwa sababu namba zinaeleza vizuri kuliko maneno.

Chukua sampuli ya kipenyo cha mm 54 na urefu wa mm 135, yenye moduli ya Young (mkazo ukigawanywa kwa mgeuko) ya GPa 60 na nguvu ya MPa 200. Eneo lake ni mm² 2,290, kwa hiyo mzigo wa kilele ni kN 458. Ukakamavu wa sampuli ni karibu MN 1.02 kwa kila mm. Sasa iweke kwenye presi yenye ukakamavu wa MN 0.5 kwa mm. Kileleni sampuli imehifadhi joule 103 za nishati ya mnyumbuko, na fremu ya presi imehifadhi joule 210. Sampuli ikianza kulegea, zile joule 210 zinaiangukia kwa mara moja. Chochote kingevunjika kwa kishindo. Ukihesabu fahirisi ya upasukaji, yaani namba moja ya kuueleza, kutoka kwenye mteremko wa baada ya kilele hapo, umepima presi.

Kuna mtego mwingine katika mfano huohuo. Ukipima ufupisho kwa kufuata pistoni badala ya kupima juu ya jiwe lenyewe, sampuli imefupika mm 0.45 lakini fremu imenyooka mm 0.92. Moduli itakayotoka ni GPa 20 badala ya 60, mara tatu chini ya ukweli. Ukiona granite ngumu, isiyooza, inatoa GPa 15 au 20, uliza kwanza kipimio kilifungwa wapi. Funga LVDT (vipimio vya umeme vya msogeo) mbili au tatu juu ya pete zilizobana sampuli, au bandika geji za mgeuko zenye urefu wa angalau mara 10 ya punje kubwa.

Tiba ya mlipuko ina ngazi. Kwanza acha kuongoza jaribio kwa mzigo. Kasi ya MPa 0.5 hadi 1.0 kwa sekunde inafaa kwa kupata nguvu ya kilele tu, kwa sababu baada ya kilele mashine itaendelea kudai mzigo ambao jiwe halina tena. Ongoza kwa ufupisho wa wima. Ikiwa bado linalipuka, huenda jiwe lako ni la Daraja la II katika mgawanyo wa Wawersik na Fairhurst wa mwaka 1970: baada ya kilele mgeuko wa wima unarudi nyuma, hivyo hakuna mashine inayoongozwa kwa ufupisho wa wima itakayolidhibiti, hata iwe kakamavu vipi. Hapo unahitaji mnyororo unaozungushwa kwenye sampuli ili kupima mzingo wake. Anza kwa mzigo au ufupisho wa wima, na ukifika kama asilimia 70 ya nguvu inayotarajiwa hamishia uongozi kwenye mzingo, ambao huongezeka tu na haurudi nyuma jiwe likiwa linapasuka.

Njia ya kuvutia zaidi ilitumiwa na Lockner na wenzake mwaka 1991 kwa granite ya Westerly ya Marekani: kasi yenyewe ya AE ndiyo iliyoongoza presi. Milio ikiongezeka, mkazo unapunguzwa. Mpasuko ambao kwa kawaida humalizika kufumba na kufumbua ulitembea polepole kiasi cha kufuatiliwa mlio kwa mlio ukivuka sampuli. Sijui onyesho bora kuliko hilo la namna AE na upasukaji vilivyofungamana.

Kama una presi laini tu na huna mnyororo, usibuni mteremko wa baada ya kilele. Toa fahirisi zinazotegemea kilele na kabla yake, na useme hivyo wazi.

Dalili: milio inapungua wakati jiwe linakaribia kuvunjika

Mtu asiyejua huandika "kipindi cha ukimya kabla ya mpasuko". Ukimya wa kweli upo, lakini mara nyingi kifaa ndicho kilichozidiwa.

Kifaa cha AE hugawa mawimbi kuwa milio kwa kutumia mipaka mitatu ya muda: wa kutafuta kilele, wa kuhesabu kwamba mlio umeisha, na wa kufumba macho kabla ya kupokea mwingine. Kwa mwamba mipangilio ya mikrosekunde 50, 200 na 300 hutumika sana. Tuseme kila mlio unavuma kwa mikrosekunde 500. Jumlisha 200 za kusubiri na 300 za kufumba macho, unapata milisekunde 1. Sensa moja basi haiwezi kamwe kuandika zaidi ya milio 1,000 kwa sekunde. Granite karibu na kilele huvuka hapo kirahisi. Milio inaungana, mitano inahesabiwa kuwa mmoja mrefu, na idadi inashuka huku nyufa zikiongezeka.

Angalia safu ya muda wa mlio. Ukiona mlio wa milisekunde 20 au 100, si mlio mmoja. Angalia pia nishati kwa sekunde: idadi ikishuka huku nishati ikipanda, kifaa kimezidiwa. Punguza muda wa kusubiri, lakini si chini ya mikrosekunde 100 kwenye sampuli ndogo, kwani mwangwi wa kuta zake utahesabiwa kuwa milio mipya. Tiba ya uhakika ni kurekodi mawimbi mfululizo, angalau vipimo milioni 5 kwa sekunde kwa kila chaneli, na kuyagawa baadaye. Ikishindikana, tumia nishati ya jumla badala ya idadi katika fahirisi yoyote inayolinganisha AE ya kabla na ya baada ya kilele. Idadi inadanganya mahali hasa ambapo upasukaji unaamuliwa.

Dalili: thamani ya b haishuki, au inatoka namba za ajabu

Thamani ya b hueleza uwiano wa milio midogo kwa mikubwa. Jiwe linapoelekea kuvunjika, nyufa kubwa huongezeka na b hushuka, mara nyingi kutoka karibu 1.5 hadi 1 au chini yake. Katika mwamba wenye upasukaji mkubwa anguko huja kwa kuchelewa na kwa ukali.

Ukipata b ya 0.05, umesahau kugawa desibeli kwa 20. Fomula ni b = 8.686 / (wastani wa desibeli − kizingiti). Wastani ukiwa dB 48 na kizingiti 40, b ni 1.09. Kifaa kikiandika desibeli kwa namba nzima, toa nusu desibeli kwenye kizingiti: 8.686 / (48 − 39.5) = 1.02. Tofauti hiyo ndogo huhamisha mstari mzima.

Ukipata b isiyoshuka hata kidogo, chora idadi ya milio dhidi ya desibeli na utazame ncha ya kulia. Mlundikano kwenye dB 99 au 100 unaonyesha kwamba amplifaya imefika mwisho: kwa nyongeza ya dB 40 na kikomo cha volti 10, chochote kinachozidi milivolti 100 kwenye sensa kinaandikwa dB 100. Milio mikubwa, ile unayoitafuta, imekatwa vichwa. Shusha nyongeza hadi dB 20 au tumia sensa mbili zenye nyongeza tofauti. Ncha ya kushoto nayo: mstari ukipinda chini karibu na kizingiti, panda dB 3 hadi 5 ndipo uanze kuhesabu.

Halafu wingi. Kosa la b ni karibu b ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya milio. Kwa milio 50 ni asilimia 14. Kwa milio 200 ni asilimia 7. Mabonde na vilima vilivyochorwa kwa milio 50 kila dirisha ni vya bahati nasibu. Na tumia sensa moja kwa hesabu hii, kwa sababu mlio mmoja uliosikika na sensa 8 utahesabiwa mara 8.

Dalili: mahali pa milio panaangukia nje ya sampuli

Kosa la mikrosekunde 1 ni mm 5.5. Pima upya nafasi za sensa, pima kasi ya mawimbi kwenye sampuli hiyohiyo, na kumbuka kwamba nyufa za wima zikifunguka kasi ya kukata upana hushuka kuliko ya wima. Tumia kasi mbili. Sensa 4 ndicho kiwango cha chini, 8 zinafaa.

Dalili: fahirisi mbili za upasukaji zinapingana juu ya mwamba mmoja

Mara nyingi hazipingani. Zinajibu maswali tofauti, na jina moja limewachanganya watu. Hucka na Das walipolinganisha njia za kupima mwaka 1974 tayari zilikuwa nyingi, na zimeongezeka sana tangu hapo.

Tazama uwiano wa nguvu ya mgandamizo kwa nguvu ya mvuto. Mwamba A una MPa 180 na 10. Mwamba B una 90 na 5. Wote wanapata 18. Fahirisi ya (mgandamizo − mvuto) / (mgandamizo + mvuto) inawapa wote 0.89, na hiyo haitoi habari mpya kwa sababu ni uwiano uleule ulioandikwa kwa sura nyingine. Kuripoti zote mbili ni kuhesabu ushahidi mmoja mara mbili. Fahirisi ya nusu ya zao la nguvu hizo mbili inawatenganisha: 900 kwa A, 225 kwa B. Hii hutumika kwenye uchimbaji kwa sababu inafuata ugumu wa kuchimba, lakini ndiyo iliyo mbali zaidi na maana ya kuvunjika ghafla.

Fahirisi ya Rickman na wenzake ya mwaka 2008, inayotumia moduli ya Young na uwiano wa Poisson (upanukaji wa upande ukigawanywa kwa ufupisho wa wima), ilitengenezwa kwa miamba ya gesi ya Marekani. Mipaka yake ya moduli ni karibu GPa 6.9 hadi 55. Ukiingiza granite ya GPa 60, sehemu ya moduli inatoa asilimia 110. Hakuna kitu chenye upasukaji wa asilimia 110. Fomula imetolewa nje ya nyumba yake.

Fahirisi za nishati, kama ile ya Tarasov na Potvin inayolinganisha moduli ya kabla ya kilele na mteremko wa baada yake, ndizo zinazokaribia swali la mlipuko wa miamba katika migodi ya kina kirefu kama ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Na ndizo zinazodai mashine bora. AE huungana nazo vizuri kuliko na nyingine, kwa sababu zote mbili hufuata nishati. Lakini usitarajie joule zilingane: nishati inayofika kwenye sensa ni chembe tu ya ile iliyotumika kupasua jiwe. Linganisha sura za mistari, usilinganishe ukubwa.

Kabla ya kulaumu fahirisi yenyewe, kagua nguvu ya mvuto. Katika jaribio la Brazili, ambapo diski hubanwa kwenye kipenyo chake mpaka ipasuke katikati, diski ya mm 54 yenye unene wa mm 27 inayovunjika kwa kN 22.9 inatoa MPa 10. Hesabu hiyo ni halali tu kama ufa ulianzia katikati na kupita kwenye kipenyo. Diski iliyosagika chini ya taya na kutoa kabari haifai kuhesabiwa. Weka sensa moja kwenye uso wa diski: diski njema hunyamaza, kisha hutoa mlio mmoja mkubwa, diski iliyosagika hulia mfululizo tangu nusu ya mzigo. Jaribio hili pia huelekea kuzidisha, kwa hiyo ukitaka kuikadiria nguvu halisi ya mvuto, zidisha kwa karibu 0.9 kwa miamba badiliko, 0.8 kwa miamba ya moto na 0.7 kwa miamba tabaka. Usichanganye sampuli zilizosahihishwa na zisizosahihishwa katika jedwali moja.

Dalili: kila kitu kimekaguliwa, na bado sampuli tano zinatoa majibu matano

Sasa ndiyo zamu ya mwamba. Angalia punje: kipenyo cha sampuli kinatakiwa kiwe angalau mara 10 ya punje kubwa. Granite yenye fuwele za mm 8 inadai kipenyo cha mm 80, na kwenye mm 54 fuwele moja ikikaa vibaya huamua matokeo yote.

Angalia maji. Sampuli iliyolowa huwa dhaifu zaidi na milio yake hupungua nguvu. Kausha zote kwa namna moja. Nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24 zinafaa kwa granite na basalti, ila pandisha na shusha joto polepole, kama nyuzi 1 kwa dakika, maana joto la ghafla huzaa nyufa kwenye mipaka ya punje na utazisikia baadaye kama milio ya mapema. Miamba yenye udongo usiikaushe hivyo; itapasuka yenyewe ndani ya tanuri.

Angalia mwelekeo wa tabaka. Nguvu huwa ndogo kabisa tabaka zikiwa na pembe ya karibu nyuzi 30 na mhimili wa mzigo, na hapo jiwe huteleza kwenye tabaka badala ya kupasuka. AE yake hujipanga kwenye bapa moja, na fahirisi yoyote utakayoihesabu ni ya tabaka lile. Andika pembe ya kila sampuli, na chonga 5 kwa kila mwelekeo.

Mwisho tazama vipande. Usivifagie. Vipange kwenye sinia, vipige picha, na uangalie nyuso za mpasuko kwa kioo cha kukuza. Uso safi unaong'aa ni mpasuko wa leo. Uso wenye kutu ya chuma, kloraiti au kalisaiti ulikuwa wazi kabla sampuli haijafika maabara. Jaribio hilo litoe kwenye wastani, hata kama namba yake inapendeza.